Mashine Isiyopenda Asubuhi

Juma lile lote sikumaliza kikombe kimoja cha chai nikiwa nimekaa kitako. Nilikuwa nikikaa, nainuka. Nachungulia chumba cha mashine, narudi jikoni, nageuza kikaangoni vipande vya tempe ya soya ambavyo nimeshavigeuza, halafu naenda kuchungulia tena. Mwanangu Yoyoh akaniuliza kama tumbo linaniendesha. Nikamwambia tumbo langu zima. Mtu akitembea ndani ya nyumba yake mwenyewe si lazima awe anaumwa.

Kilichokuwa kinaniinua ni mashine. Tunayo moja tu ya kudarizi, nyeusi, ya Kijapani, na marehemu mume wangu Misna aliinunua mwaka tulipouza bwawa la samaki la upande wa juu, Yoyoh akiwa hajaota meno ya mbele. Si cherehani ya kushonea gauni. Ukikanyaga chini, sindano inacheza kulia na kushoto, na mshono unapanuka au unabana kadiri unavyosukuma kile kipande cha chuma kwa goti la kulia. Kitambaa unakikaza kwenye duara la mbao na kukiongoza kwa mikono yako miwili. Jani likitoka zuri, ni mkono wako na goti lako. Likitoka baya, ni hivyo hivyo viwili. Hapa Kawalu, Java, kila nyumba ya tatu ina mlio huo, na mtu akipita njiani anaweza kukwambia nani anadarizi petali na nani anajaza shina, bila kuchungulia dirishani.

Tulikuwa na kazi ya mukena thelathini, yale mavazi meupe ya kuswalia, kila moja na tawi la asumini kuzunguka uso na jingine kwenye pindo. Asubuhi mashine ilikuwa ya Kokom, kuanzia saa kumi na mbili hadi adhuhuri. Mchana ilikuwa yangu, hadi alasiri. Tuligawana hivyo kwa sababu asubuhi mimi ni mtu wa jikoni, na vidole vyangu havikunjuki mpaka jua lipande.

Kokom ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, anayefunga kitambaa cha kichwa kwa pini moja tu na hakimtoki. Mumewe alikwenda kujenga maghorofa Jakarta, na kinachofika nyumbani kutoka kwake ni salamu zaidi kuliko kitu kingine. Ana binti wa darasa la pili. Moshi ukipanda jikoni kwake, umetoka kwenye ile mashine yetu.

Siku kama kumi baada ya mwaka mpya wa Kiislamu, mashine ikaanza vituko. Ilianzia kwa Kokom. Anakaa asubuhi, anakanyaga, mlio unatoka mzito kama mtu anayekoroma. Mishono inaruka. Uzi unakatika, anautunga, unakatika tena. Akigeuza kitambaa anakuta nyuzi zimejikusanya chini kama kiota cha shomoro. Yoyoh alibadilisha sindano, akabadilisha uzi, akabadilisha bobini na mkanda. Wapi. Mukena saba ziliharibika mbele ya macho yetu, na kitambaa kile ukikifumua vibaya hakisameheki, kinabaki na vitundu.

Halafu mchana nakaa mimi. Mashine inateleza kama samaki anayerudishwa majini. Petali baada ya petali, wala uzi haukatiki.

Nitasema ukweli, kwa sababu huko mbele nitalazimika kuusema hata nisipotaka. Nilifurahi. Nina miaka sitini na tisa, macho yangu yanahitaji miwani mbili, moja juu ya nyingine, na bado mashine ilikuwa inanitii mimi ikimkataa mtu mwenye nusu ya umri wangu. Ijumaa moja, kwenye darasa la kina mama, tulipomaliza kusoma na sahani ya vitumbua ikipita, niliwaambia wenzangu kwamba chuma nacho kina moyo, kinamjua aliyekilea. Wakacheka. Mmoja akasema basi Mama Edoh, jina langu hilo, ana mume wa pili. Nikacheka zaidi yao. Maneno yale yalimfikia Kokom kabla vitumbua havijaisha, maana kijiji chetu ni kidogo na midomo ni mingi. Kesho yake alinisalimia kwa adabu kama kawaida, lakini hakuniangalia.

Jumanne alikuja fundi, Mjomba Uha. Yeye huja mchana tu, asubuhi yuko kiwandani. Alilaza mashine ubavuni, akaitazama ndoano ya chini, akazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, sindano ikipanda na kushuka. Akapachika uzi, akashona mstari mrefu, ukatoka umenyooka. Halafu akainua pua.

“Mama Edoh,” akasema, “mashine yako inanukia chakula.”

Nikamwambia jiko liko nyuma ya ukuta huo wa mianzi, na nilikuwa nakaanga. Nikamletea sahani. Alikula vipande vitano vya tempe na habari ya harufu ikaishia hapo.

Alipofuta mikono alitoa hukumu yake. Ndoano nzima, vyuma havijalika, mota nzuri. Mashine haina ugonjwa. Hakumtaja mtu, ila alisema mashine za goti zinataka mkono uliotulia. Yoyoh alimtazama Kokom, aliyekuwa amebaki kusikiliza. Mimi nilitazama sahani tupu.

Tangu hapo ndipo nikashindwa kukaa. Yoyoh ni mtu wa kuamua haraka, amechukua kwa baba yake. Alisema turekebishe nini, ikiwa fundi mwenyewe haoni kibovu? Na tukibaki hivi, nusu ya siku kazi na nusu ya siku uharibifu, mukena thelathini hazitakwisha na mwenye kazi hatarudi tena. Kwa hiyo alikwenda kwa Haji Engkos, anayeuza mashine zilizotumika kule Cibeureum, wakakubaliana. Jumamosi asubuhi Haji ataleta mashine ya kompyuta na kuondoka na yetu. Ile unachagua ua kwenye kioo, unabonyeza, inadarizi yenyewe, mwenye nyumba anaweza kwenda kuosha vyombo. Haitaki goti la mtu, wala mkono wa Kokom, wala wangu.

Jumatano Yoyoh alimwita Kokom pembeni akamweleza. Hakumwambia kwa ukali. Alimwambia mwisho wake ni Alhamisi, na kwamba akisikia nafasi mahali pengine atamtaja kwa wema. Kokom alikunja kitambaa alichokuwa nacho mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka kikawa kama sabuni. Akasema, “Sawa, Dada Yoyoh. Ila mimi mikono yangu naijua.” Basi. Alhamisi alikuja, akafanya kazi aliyoweza, uzi ukamkatikia mara kumi na tisa, nilihesabu nikiwa jikoni, na adhuhuri akaondoka na mkasi wake mdogo ndani ya leso.

Mchana ule nilikaa kwenye mashine yangu kwa mara ya mwisho, au ndivyo nilivyodhani. Ilishona vizuri kupita siku zote. Nilitaka kuona raha, raha haikuja. Nilidarizi ua moja nikainuka, ua moja nikainuka.

Ijumaa niliamka kabla ya adhana. Ilikuwa ile baridi ya kiangazi inayoteremka kutoka mlima Galunggung, watu wanatoka nje wamejifunga sarong mpaka masikioni na moshi wa mabua ya mpunga unalala chini haupandi. Nilipomaliza kuswali nilinyoosha mguu nipake goti mafuta ya nazi, kama ninavyofanya kila siku baridi inapouma. Nikainamisha chupa juu ya kiganja. Hayakutoka. Nikaipiga chini, tap tap. Hayakutoka. Nikaisogeza kwenye taa, nikaona mafuta meupe pe, yameganda kama nta.

Wala si ajabu. Kila kiangazi yanaganda, na kila kiangazi ninafanya alichofanya mama yangu: unabana chupa kwapani mpaka yayeyuke. Basi nikaibana. Nimekaa pale juu ya msala, chupa inanitia ubaridi ubavuni, na ndipo wazo likaniingia. Lilianza taratibu, kama mdudu mguuni, halafu likaniuma.

Naomba nirudi nyuma kidogo.

Mume wangu alikuwa na kisu cha mababu, kile chenye ubapa wa mawimbi. Kila Muharram alikiogesha, kama wanavyofanya wote wenye urithi wa chuma. Anakikwangua kwa ndimu zilizokatwa, anakisuuza kwa maji ya maua, anakikausha, anakipaka mafuta ya manukato, anakirudisha kwenye ala yake kama mtoto anayelazwa. Alipofariki kisu kilikwenda kwa kaka yake mkubwa, ndiyo desturi. Mimi nilibaki na chuma kimoja tu alichoniachia, na chuma hicho kina sindano. Kwa hiyo kila tarehe mosi Muharram naiogesha mashine. Kitambaa chenye maji ya maua, nimekikamua mpaka kimekauka karibu kabisa, naufuta mwili wake wote, halafu napaka nje mafuta kidogo yenye harufu ya asumini. Yoyoh ananicheka, ananiacha.

Mwaka huu nilipomaliza kupaka nje niliona kichupa cha mafuta ya cherehani kimekwisha. Yoyoh alikuwa sokoni. Mimi jana yake nilikuwa nimechemsha tui la nazi tisa, nimepata mafuta masafi, ya rangi ya maji. Nikajiambia: kila mwaka nje kunapata manukato na ndani hakupati kitu, na leo ni sikukuu yake. Niliyachuja mafuta yangu mara mbili kwa shungi la zamani. Nikayatia kwenye matundu yote kumi na moja, moja baada ya jingine, kwa upendo, mpaka yakachuruzika chini. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Niliona nimefanya jambo jema.

Nazi ni kitu cha jua. Mchana inateleza. Asubuhi inaganda.

Niliinuka na chupa bado ikiwa kwapani. Nikaenda chumba cha mashine polepole ili Yoyoh asisikie ubao wa sakafu. Niliilaza mashine ubavuni, kazi ambayo siku nyingine naomba msaada, nikafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi, nikaingiza kidole. Kilirudi na kitu cheupe, laini, kinata, kama sabuni iliyolala majini. Nikakinusa. Hapakuwa na haja ya kunusa.

Kokom alikuwa anasukuma goti lake kwenye chuma kilichobanwa na mafuta yangu. Wiki mbili, tangu baridi ilipoanza kuteremka. Na mimi nilikuwa nakuja mchana, jua likiwa limeshayayeyusha, nakaa kama malkia.

Sasa nieleze na lile jingine, kwa kuwa nimeshaanza. Jambo la kwanza nililofikiria halikuwa Kokom. Nilifikiria vitumbua, na wanawake wakicheka, na mimi nikisema chuma kina moyo. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta. Nitaisafisha mwenyewe, nikajiambia, nitanyamaza, itaonekana imepona. Nilifuta nilipofikia. Lakini ndani kuna mirija myembamba kama shina la mpunga, na tambi za pamba zinazonyonya mafuta, na humo kidole changu hakiingii, wala bisibisi. Yule wa kuifungua yote ni Mjomba Uha, na hawezi kuifungua bila kuniuliza.

Ningeweza pia kuacha. Jua lingepanda, weupe ungeyeyuka, kesho Haji Engkos angebeba mashine na siri yake pamoja. Ningebaki mwanamke aliyetiiwa na chuma. Nilisimama na wazo hilo kwa muda, siwezi kusema ulikuwa mfupi. Nilirudisha kifuniko. Nikatoka nje. Sikumwamsha mwanangu. Nilimwogopa, huo ndio ukweli, na miguu ikanipeleka kwa mtu niliyestahili kumwogopa zaidi.

Kwa Kokom unapita juu ya kingo za majaruba, njia ya mguu mmoja, umande mpaka kwenye muundi. Nilimkuta anachochea kuni, binti yake anafunga viatu. Alishangaa kuniona. Aliniwekea mkeka, nikakataa kukaa.

Nikamwambia, “Mwanangu, mashine haikuharibiwa na mkono wako. Niliitia mafuta ya nazi. Mimi. Muharram. Yanaganda asubuhi.”

Alimalizia kupuliza moto, akampa binti yake kifurushi cha wali, akamwambia awahi wenzake barabarani. Mtoto alipokwisha toka ndipo akanigeukia.

“Siku zote hizo nasikia harufu ya vitumbua pale nilipokaa,” akasema. “Nikadhani ni njaa yangu.”

Sikujua nicheke au nilie. Sikufanya hata kimoja.

“Dada Yoyoh ameona?” akauliza.

Nikasema hapana, nimekuja kwake kwanza. Alitazama mlangoni. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyekundu juu ya minazi. Chumba chetu cha mashine kina dirisha upande huo huo, na mashine nilikuwa nimeiacha imelala, tumbo lake likitazama dirishani.

“Bibi, jua likifika pale yatayeyuka. Halafu nani ataamini? Watasema umenihurumia, umejitwika kosa langu.” Alikuwa ameshaingiza miguu kwenye kandambili. “Twende. Na utasema mwenyewe, mimi sifungui mdomo.”

“Nitasema mwenyewe.”

“Na darasani?”

“Na darasani.”

Kurudi kulikuwa mbio, kama goti langu linaweza kuitwa lenye mbio. Kokom alinishika kiwiko, yeye anakanyaga matopeni ili mimi nipate ukingo. Njia nzima natazama jua, nalisihi likae kidogo nyuma ya minazi, kama mtoto anayechelewa shule. Mara mbili niliteleza. Mara moja tulikutana na mtu amebeba majani ya mbuzi, akatuuliza kuna msiba wapi. Hatukumjibu, na najua kufika saa mbili alikuwa ameshamzika mtu.

Yoyoh alikuwa anafagia uani. Aliona mama yake ana matope mpaka magotini na mtu aliyemwachisha kazi amemshika mkono. Fagio likasimama.

“Njoo utie kidole,” nikamwambia.

“Kidole wapi?”

“Njoo kwanza. Maneno yatafuata.”

Mwanga ulikuwa umeshafika kwenye kizingiti cha chumba. Bisibisi ikaniteleza, Kokom akainyakua akafungua yeye. Kwenye ukingo wa karibu na dirisha mafuta yalikuwa yameanza kuwa maji. Ndani zaidi, kwenye kivuli, bado yalikuwa meupe. Yoyoh alitia kidole. Akakitazama. Akakinusa. Nami nikamwambia yote, kuanzia kichupa kilichokwisha mpaka shungi nililochujia, na sikumwacha aingilie kati, maana kama angeingilia ningenyamaza.

Akakinusa tena kile kidole.

“Mama,” akasema mwishowe. “Ulitaka kudarizi nayo, au kuikaanga?”

Kokom aligeuka akatazama ukuta, mabega yanatikisika. Yoyoh hakucheka. Alifuta kidole chake taratibu kwenye kanzu ya nyumbani, halafu akamwambia Kokom kwamba amemkosea, na kwamba hana la kusema juu ya hilo kwa sasa ila hilo. Kokom akasema ameshalisikia.

Mjomba Uha aliitwa kwa simu, akaomba ruhusa kiwandani. Aliifungua mashine kipande kwa kipande juu ya gazeti, akaiosha kwa mafuta ya taa, akachomoa tambi za pamba zilizokuwa na rangi ya samli, akaweka mpya, akatia mafuta yanayostahili. Kazi ilimchukua mpaka swala ya Ijumaa. Alikuwa na aibu yake pia. “Pua yangu iliniambia Jumanne,” akanung’unika. “Tempe yako ikaifunga mdomo.” Safari hii nilimletea sahani, akaisogeza kando mpaka alipomaliza.

Nilidhani mambo yamekwisha. Yoyoh akasema hayajakwisha. Haji Engkos ameshapewa neno, na yeye Yoyoh neno lake si la kuvunjwa kwa sababu ya kidole kimoja. Na nani anajua kama kuiosha kumetosha? Hapa sote tulikuwa tumeshaiona ikishona vizuri mchana. Akaamua hivi: kesho saa kumi na mbili asubuhi, baridi ikiwa ile ile, Kokom atakaa. Akimaliza tawi zima, mashine inabaki na Kokom anabaki. Mashine ikikoroma kama zamani, inapanda gari la Haji.

Alasiri nilikwenda darasani. Nilisubiri vitumbua vipite, maana kosa nilikuwa nimelitenda kwenye vitumbua. Nikawaambia. Walicheka mpaka mwalimu wetu akavua miwani akafuta macho. Yule aliyesema nina mume wa pili akauliza kama mume mwenyewe nilimla kwa wali au kwa mihogo. Nilicheka nao, lakini kidogo, na nilipotoka masikio yalikuwa ya moto barabara nzima.

Jumamosi baridi ilikuwa kali kuliko Ijumaa. Kwanza nilikwenda kutazama chupa yangu: nyeupe, imeganda mpaka shingoni. Nikaridhika, mtihani ulikuwa wa haki. Kokom alikuja na mkasi wake kwenye leso. Akakaza kitambaa kwenye duara, akakigonga kwa kidole, kikalia kama ngoma ndogo. Akapuliza viganja. Akakanyaga.

Mlio ulitoka mwepesi. Shina kwanza, likipinda na kurudi. Jani, jani. Mimi nilikuwa mlangoni, halafu jikoni, halafu mlangoni. Yoyoh aliniambia nikae, nikakaa juu ya gunia la mchele, nikainuka. Ua la kwanza. La pili. Nje nikasikia gari linapunguza mwendo kwenye kona ya msikiti, linabadilisha gia, linapanda kwetu. Ua la tatu. Gari likazima. Mlango wake ukabamizwa.

Uzi ukakatika.

Kisha Yoyoh akanigeukia, na Kokom naye akanigeukia.

“Msinitazame mimi,” nikasema. “Leo sijaigusa.”

Kokom aliinama. Akavuta ncha ya uzi, akaipitisha karibu na mwanga, akatuonyesha: kulikuwa na fundo dogo, la kiwandani, lililogota kwenye tundu la sindano. Akalikata, akatunga upya, akalamba ncha, akaendelea. Haji Engkos alikuwa ameshafika mlangoni, kofia yake nyeupe kichwani, anasalimia. Hakuna aliyemwitikia mpaka ua la nne na la tano na vile vichipukizi vitatu vya mwisho vilipokaa mahali pake. Kokom akatoa goti. Akageuza kitambaa. Chini kulikuwa safi kama juu.

Yoyoh alimpeleka Haji uani wakazungumza. Sikusikia yote. Nilisikia Haji akisema hatulaumu, ila ametoa gari na muda wake, na Yoyoh akimwomba radhi mara tatu. Aliondoka na mashine yake ya kompyuta imefungwa turubai, na mfuko wa opak, vile vibiskuti vikavu vya mchele, wa kumpoza moyo. Alipopita dirishani alinyoosha shingo akatazama lile tawi, akasema mkono huo Yoyoh asiuachie mtu mwingine auchukue.

Nililichukua tawi nikalipeleka kwenye mwanga, miwani mbili machoni. Ncha za majani yake ni nyembamba kuliko zangu. Sijui tangu lini. Asubuhi zote hizo sikuwahi kutazama kazi yake, nilikuwa natazama uzi ukimkatikia.

Yoyoh akapanga upya. Kokom atakaa asubuhi na mchana mpaka mukena ziishe, tumeshapoteza siku nyingi. Na mimi akaniwekea mapajani zile saba zilizoharibika, na kisu kidogo cha kufumulia. Nifumue mshono mmoja mmoja, tuone ngapi zitaokoka. Hakunieleza kwa nini mimi, wala sikumuuliza.

Kufumua nakuweza. Unainua uzi, unakata, unavuta kutoka upande wa pili, unapitisha ukucha juu ya kitambaa ili vitundu vijifunge. Hadi adhuhuri nilikuwa nimemaliza ua moja na nusu. Kichupa kipya cha mafuta ya cherehani kilikuwa juu kabisa ya kabati, mahali ambapo nisingekifikia bila kiti. Nilimimina chai, nikaiweka kando, nikainama tena kwenye kiota cha nyuzi.

Mara mlio ukakatika. Nikajikuta nimesimama, mukena imeanguka chini, kisu mkononi.

“Kaa, Bibi,” Kokom akasema bila kugeuka. “Nabadilisha bobini tu.”